Mutumbula Hakufa Angola: Mashabiki, Wachezaji wa Zamani na Suala la Ukumbusho

Katika Kiswahili cha Katanga neno ukumbusho limepewa kazi ambayo wasemaji wa pwani hawakulipa. Johannes Fabian na Ilona Szombati-Fabian, waliochunguza picha za rangi zilizokuwa zikichorwa na kuuzwa Lubumbashi na miji jirani katika miaka ya 1970, waliona kwamba wenyeji waliziita picha hizo ukumbusho, na kwamba walizithamini kwa sababu hiyo hasa. Picha nzuri haikuwa ile iliyopendeza macho tu. Ilikuwa ile iliyomfanya mgeni aliyeingia sebuleni aulize, na mwenye nyumba apate pa kuanzia kusimulia. Tofauti kati ya kukumbuka na kukumbusha ni ndogo katika sarufi, kwani ni suala la kiambishi cha usababishi, lakini ni kubwa katika maisha ya watu. Mtu hukumbuka peke yake, hata kitandani. Kukumbusha kunataka watu wawili na kitu kati yao.

Makala haya yanaichukua tofauti hiyo na kuitumia katika jambo ambalo wanataaluma wa Kiswahili hawajalishughulikia vya kutosha, yaani namna mashabiki wanavyowakumbuka wachezaji na watumbuizaji waliokwisha kuacha uwanja au jukwaa. Mfano wetu mkuu ni timu ya taifa ya Zaire ya mwaka 1974, na ndani ya timu hiyo mtu mmoja, Ndaye Mulamba. Tutagusa pia mpira wa magongo wa Kenya, Uganda na Tanzania, kwa sababu huko kulitokea jambo lililo kinyume na lile la Zaire, na kinyume hicho kinafundisha.

Pana sababu ya kuanzia Kashebere badala ya Kinshasa. Kashebere iko pale teritwari ya Masisi inapokutana na ile ya Walikale, katika Kivu ya Kaskazini. Ni sehemu ya milima na misitu ambako Kihunde, Kinyanga, Kitembo na Kinyarwanda vinapakana, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha watu sokoni, kanisani na barabarani. Uwanja mkubwa wa taifa ulikuwa Kinshasa, upande wa pili wa nchi, na msitu wote wa Kongo ukiwa katikati. Kwa mtu wa sehemu kama hii, mchezaji maarufu wa mwaka 1974 hakuwa mtu aliyeonekana. Alikuwa mtu aliyesikika. Alifika kwa redio, na mara nyingi kwa mkono wa pili au wa tatu: aliyeelewa Kifaransa au Kilingala aliwafasiria waliokaa karibu naye, nao wakapeleka habari mbele kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani. Kwa hiyo shabiki wa huku tangu mwanzo alikuwa msikilizaji wa masimulizi. Yeye na fasihi simulizi ni majirani kuliko tunavyodhani tunapoyaweka masuala ya michezo katika kurasa za nyuma za magazeti.

Tena eneo hili si geni kwa wanafunzi wa fasihi hiyo. Mwaka 1956 Daniel Biebuyck alinakili katika nchi ya Wanyanga, ambayo sehemu yake kubwa ni Walikale ya leo, utendi wa Mwindo kutoka kinywani mwa fanani Candi Rureke wa kijiji cha Bese. Usimulizi ulichukua siku 12. Utendi ulichapishwa mwaka 1969 kwa Kinyanga na tafsiri ya Kiingereza, Biebuyck akishirikiana na Kahombo Mateene, mtaalamu wa lugha ambaye ni Mnyanga, na ambaye baadaye aliongoza ofisi ya lugha ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika iliyokuwa Kampala. Shujaa wa utendi huo ana jina la sifa, Kabutwakenda, ambalo maana yake ni mtoto aliyezaliwa papo hapo akatembea. Jina hilo ni hadithi nzima iliyokunjwa. Msikilizaji akilisikia tu, anajua kuzaliwa kwa Mwindo kulivyokuwa, anajua baba yake Shemwindo hakutaka mtoto wa kiume, na anajua balaa gani inakuja. Fanani halazimiki kueleza upya. Tutaona kwamba mashabiki wa mpira nao walifanya kazi ya namna hiyo hiyo, bila kufundishwa na mtu.

Sasa tuitazame timu yenyewe. Mwezi Machi 1974 Zaire ilikwenda Misri kushindania Kombe la Mataifa ya Afrika. Haikuwa timu ya kubahatisha. Nchi hiyo ilikuwa imelitwaa kombe hilo mwaka 1968 kule Addis Ababa kwa kuifunga Ghana bao 1 kwa 0. Klabu ya Englebert ya Lubumbashi, ambayo leo ni TP Mazembe, ilikuwa imetwaa ubingwa wa vilabu vya Afrika mwaka 1967 na 1968. Na AS Vita Club ya Kinshasa ilikuwa imeutwaa ubingwa huo mwaka 1973 baada ya kufungwa 4 kwa 2 na Asante Kotoko mjini Kumasi na kuwalipiza 3 kwa 0 nyumbani. Beki Bwanga Tshimen alikuwa mchezaji bora wa Afrika wa mwaka 1973. Katika nusu fainali dhidi ya wenyeji, Zaire ilitanguliwa kwa mabao 2, ikageuka na kushinda 3 kwa 2. Fainali na Zambia ilikwisha kwa sare ya 2 kwa 2 hata baada ya muda wa nyongeza, ikabidi irudiwe siku mbili baadaye, na safari hii Zaire ikashinda 2 kwa 0. Mabao yote manne ya Zaire katika michezo hiyo miwili yalifungwa na Ndaye Mulamba. Jumla yake katika mashindano yale ilikuwa mabao 9, na hakuna aliyefikia idadi hiyo katika mashindano mamoja ya kombe hilo tangu siku ile.

Mtu huyu alikuwa na majina matatu, na kila jina lilikuwa na mwenyewe. La kwanza, Pierre, alilipata kwa ubatizo. Alizaliwa Luluabourg, Kasai, mwaka 1948, siku za Wabelgiji. La pili ni Ndaye Mulamba, jina la nyumbani kwao ambalo serikali ya Mobutu ililifanya kuwa jina pekee halali pale ilipowaamuru raia, mwaka 1972, kuacha majina ya Kikristo kwa ajili ya siasa ya uhalisi. La tatu walimpa mashabiki: Mutumbula.

Jina hili la tatu linastahili kusimamiwa kidogo. Katika miji ya Katanga na Kasai wakati wa ukoloni zilisambaa habari za batumbula, watu waliosemekana kuwavizia Waafrika usiku na kuwateka kwa niaba ya wazungu, na waliotekwa hawakuonekana tena. Wasomaji wa Afrika Mashariki wanazijua habari hizo kwa majina mengine: mumiani huku pwani, wazimamoto kule Kampala na Nairobi. Rik Ceyssens aliziandikia makala mwaka 1975 akiziona kuwa ngano ya wanaoonewa, na Luise White alizikusanya pamoja na za nchi jirani katika kitabu chake cha mwaka 2000. Msomaji wa Kiswahili atalisikia katika neno hilo kitenzi tumbua, ingawa tusikimbilie kudai asili moja wakati lugha za Kiluba zina haki ya kusema kwanza. Jambo la kutazama ni matumizi. Mashabiki walichukua jina la kiumbe kilichowatisha wazazi wao, kiumbe cha upande wa mtawala, wakamvika kijana wao. Mlinda mlango wa Zambia au wa Misri ndiye sasa aliyepaswa kuogopa giza. Hatudhani kwamba kulikuwa na kamati iliyokaa kulifikiria hilo; majina ya namna hii hutoka uwanjani yakiwa yamekamilika. Lakini ni jina lililobeba historia ya miaka hamsini ya nchi katika silabi nne, na linafanya kazi sawa na ile ya Kabutwakenda. Walikuwa na jina jingine pia kwa ajili yake, Volvo, la gari. Hilo halihitaji ufafanuzi. Na mwenzake Kakoko Etepe waliita mungu wa mpira, kwa Kifaransa, jambo ambalo padri wa parokia yoyote angalitamani kulisahihisha.

Linganisha majina hayo na lile la timu. Chui alikuwa alama ya Mobutu. Kofia yake ya ngozi ya chui inajulikana na kila mtu, na wachezaji waliitwa Leopards. Baada ya Mobutu kuangushwa mwaka 1997, timu ikaitwa Simba, neno la Kiswahili lililoingia Kinshasa pamoja na watawala wapya waliotoka mashariki, na ambalo kwa watu wa Kivu na Maniema liliamsha pia mambo ya uasi wa mwaka 1964. Miaka michache baadaye chui akarudi. Majina yanayotolewa na serikali huja na serikali na huondoka nayo. Mutumbula hakuhitaji agizo la mtu ili aendelee kuwa Mutumbula.

Mwezi Juni 1974 timu ilikwenda Ujerumani Magharibi ikiwa ya kwanza kutoka Afrika kusini ya Sahara kucheza Kombe la Dunia. Yaliyofuata yamesimuliwa sana, na kwa kawaida yanasimuliwa vibaya. Tarehe 14 ilifungwa na Scotland 2 kwa 0, matokeo yasiyo na aibu. Kisha, kwa maelezo ya wachezaji wenyewe, waligundua kwamba fedha walizoahidiwa hawatazipata kwa kuwa zimeishia mikononi mwa viongozi waliosafiri nao. Walitaka kugoma. Tarehe 18 wakaingia uwanjani Gelsenkirchen dhidi ya Yugoslavia na kufungwa mabao 9 kwa bila. Katika vurugu za mchezo ule Ndaye alitolewa nje kwa kosa la kumpiga teke mwamuzi, kosa ambalo hakulitenda; aliyelitenda ni beki Mwepu Ilunga, na mwamuzi hakuweza kuwatofautisha. Tunaomba msomaji aliweke hilo akilini, kwa maana si mara ya mwisho kwa Ndaye kuhesabiwa kuwa mtu mwingine.

Siku nne baadaye, katika mchezo na Brazil, Mwepu huyo huyo alifanya kitendo kinachooneshwa katika televisheni za Ulaya hadi leo kila Kombe la Dunia linapokaribia. Wabrazili walikuwa wanajitayarisha kupiga mpira wa adhabu. Kabla hawajaupiga, Mwepu alichomoka kwenye ukuta wa wenzake na kuubutua mbali. Akapewa kadi ya njano. Watangazaji wakacheka, na kicheko hicho kikageuka kuwa historia: Mwafrika asiyejua sheria za mpira. Kwa hakika ni vigumu kuamini kwamba watu wazima wenye kazi yao waliridhika na maelezo hayo. Mwepu alikuwa mchezaji wa Mazembe, klabu iliyokuwa miongoni mwa vigogo wa bara zima, na alikuwa bingwa wa Afrika. Alikuwa amesimama nyuma ya mipira ya adhabu isiyo na idadi. Miaka mingi baadaye aliwaeleza waandishi wa habari kwamba alifanya makusudi, kwa kuwa hakuona sababu ya kuendelea kuumia ilhali watakaofaidi fedha wamekaa jukwaani. Alieleza pia kwamba timu ilikuwa imetishwa: wakifungwa na Brazil zaidi ya mabao 3, wasitarajie kurudi nyumbani salama. Walifungwa 3. Mwepu alifariki mwaka 2015, na tanzia nyingi za nje zilianza na mpira ule ule wa adhabu.

Hapa pana kumbukumbu za aina mbili zinazogombana juu ya mtu mmoja. Kumbukumbu ya kamera ina picha lakini haina maelezo. Inaonesha guu na mpira, haioneshi hoteli, mshahara uliopotea wala walinzi wa rais. Kumbukumbu ya msikilizaji wa redio haina picha, lakini ina habari za kabla na za baada. Hatusemi kwamba ya pili ni ya kweli daima. Inaongeza chumvi, inachanganya tarehe, na inapenda mno kuamini kila habari mbaya kuhusu wakubwa. Tunachosema ni kwamba inamchukua mchezaji kama mtu mwenye sababu za kutenda alilotenda, na hicho ndicho kilichokosekana katika kicheko cha Ulaya.

Baada ya Ujerumani, serikali ikapoteza hamu na mpira. Mwezi Oktoba mwaka ule ule macho yote yalihamia kwenye pambano la Muhammad Ali na George Foreman mjini Kinshasa. Wachezaji walibaki na nyumba na magari waliyopewa baada ya ushindi wa Misri, wale walioweza kubaki nayo, na umaarufu usiolipa kodi wala dawa.

Umaarufu huo ulikaribia kumuua Ndaye. Mwaka 1994 Shirikisho la Mpira la Afrika lilimwalika Tunisia na kumtunuku heshima kwa rekodi yake. Aliporudi nyumbani alipigwa risasi mguuni na wanyang'anyi walioamini kwamba mtu aliyeheshimiwa hivyo hawezi kuwa fukara. Alihifadhiwa na kuuguzwa kwa miezi minane. Vita vilipoanza mwaka 1996 alipoteza mwanawe wa kwanza, na yeye mwenyewe akakimbilia Afrika Kusini akiwa peke yake.

Ndipo likatokea jambo ambalo limetoa jina la makala haya. Mwaka 1998 mashindano ya Kombe la Mataifa ya Afrika yalifanyika Burkina Faso. Nchi ya Ndaye ilikuwa imebadili jina, timu yake ilikuwa imebadili jina, na ilicheza vizuri hata ikashika nafasi ya tatu. Katika mashindano hayo zilifika habari kwamba Mutumbula amekufa katika ajali ya machimbo ya almasi nchini Angola. Watu walisimama uwanjani kwa dakika moja ya kimya. Wakati wanasimama, mwenye jina alikuwa Cape Town, akilinda magari ya watu katika maegesho ili apate chakula cha siku.

Mtu anaweza kuliona jambo hilo kuwa kosa la uandishi wa habari tu. Sisi tunaliona kuwa linaeleza kitu kuhusu ukumbusho wenyewe. John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, aliyachukua maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, akayafanya kuwa majina ya nyakati mbili. Aliyekufa, alisema, bado yumo katika sasa maadamu yupo aliye hai anayemkumbuka kwa jina. Akifa wa mwisho anayemjua, ndipo huzama katika zamani. Wataalamu wa Kiswahili wana haki ya kulalamika kwamba wasemaji wa lugha hii hawayatumii maneno hayo kwa mpango huo. Hata hivyo, hebu tulitazame neno tunalolitumia kila siku bila kufikiri: mchezaji wa zamani. Mtu ana umri wa miaka 49, anapumua, ana njaa, ana deni dukani, nasi tumekwisha kumpeleka zamani kwa kihusishi kimoja. Katika mpango wa Mbiti jina humbakiza mfu miongoni mwa walio hai. Kwa Ndaye jina lilifanya kazi kinyume. Lilikuwa na nguvu mno, likajitosheleza, likaweza kuombolezewa bila mwili. Hakuna aliyeuliza mtu yuko wapi kwa sababu Mutumbula alikuwepo tayari, mzima, katika mabao 9 ya mwaka 1974.

Walioulizia walikuja baadaye. Mwaka 2010, Kombe la Dunia lilipochezwa Afrika Kusini, ilitoka filamu ya Makela Pululu iliyomwonesha Ndaye akiwa Cape Town, akiwafundisha mpira vijana wa mtaani, na dunia ikakubali kwamba yu hai. Kichwa cha filamu hiyo kwa Kiswahili kingekuwa Dhahabu Iliyosahauliwa. Tunathubutu kutofautiana nacho. Dhahabu haikusahauliwa, iliyosahauliwa ni mkono ulioichimba. Alifariki kweli tarehe 26 Januari 2019 mjini Johannesburg, akiwa ameugua moyo, figo na magoti, na miaka yake ya mwisho aliipitisha katika kiti cha magurudumu.

Tumesema mpira wa magongo unatupa kinyume cha habari hii. Huko Zaire mashabiki walibaki mahali pao na mchezaji ndiye aliyepotea. Katika mpira wa magongo wa Afrika Mashariki waliohama ni mashabiki wenyewe. Kenya ilianza kucheza mchezo huo katika Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956, na ikawa ya 6 kule Tokyo mwaka 1964. Katika Kombe la Dunia la kwanza la mchezo huo, lililofanyika Barcelona mwaka 1971, ilifika nusu fainali na kumaliza ya 4, nyuma ya Pakistan, Hispania na India. Ni timu chache za michezo ya mpira kutoka Afrika zilizofikia daraja hilo katika mchezo wowote. Nahodha alikuwa Avtar Singh Sohal, aliyecheza Olimpiki nne kuanzia 1960 hadi 1972. Pamoja naye walikuwepo katika miaka hiyo watu kama Surjeet Singh Panesar, Hilary Fernandes, Alu Mendonca na wengine wengi wa jamii za Masingasinga na Wagoa, waliolelewa katika vilabu vya jamii zao mjini Nairobi.

Lakini kuanzia mwaka 1968, sheria za uhamiaji na za leseni za biashara nchini Kenya kwa upande mmoja, na sheria ya Uingereza ya kuzuia wahamiaji kwa upande mwingine, ziliwasukuma Waasia wengi kuondoka kwa haraka. Uganda ilikuwa mbaya zaidi. Timu yake ilicheza Olimpiki ya Munich mwaka 1972, mara yake ya kwanza na ya mwisho hadi sasa, katika siku zile zile ambapo Waasia wa Uganda walikuwa wakihesabu siku 90 alizowapa Idi Amin. Hivyo ukumbi uliokuwa ukiwakumbuka wachezaji hao ukafungashwa masanduku na kwenda London, Toronto, Vancouver na Goa. Huko habari zinaendelea kusimuliwa, kwa Kiingereza, Kipunjabi na Kikonkani, na Kiswahili kimebaki katika methali mbili tatu na majina ya vyakula. Mtoto wa Nairobi anayepita karibu na uwanja wa City Park, ambako Kenya ilitwaa ubingwa wa mpira wa magongo katika Michezo ya Afrika ya mwaka 1987, hana wa kumkumbusha Barcelona. Kumbukumbu ipo, nzima na yenye takwimu zake zote. Ila haiko mahali ambapo jambo lenyewe lilizaliwa, wala katika lugha ya mahali hapo.

Kuhusu Tanzania tutasema machache. Ilicheza Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, baada ya nchi kadhaa kususia, ikafungwa na India 18 kwa 0 na kumaliza ya mwisho kati ya timu 6. Mabao 9 ya Zaire yanakumbukwa dunia nzima kwa kejeli. Yale 18 ni nadra kumsikia mtu akiyataja, hata Dar es Salaam. Kuchekwa nako, inaonekana, ni namna ya kuwekwa akilini.

Je, upo mfano wa kazi hii kufanywa kwa wakati? Upo, nao ni wa Kiswahili. Shaaban Robert alimwendea Siti binti Saad na kuzungumza naye muda mfupi kabla hajafariki mwaka 1950, na kutokana na mazungumzo hayo tuna wasifu wake. Siti alikuwa mtumbuizaji, mwanamke aliyetoka shamba Fumba kuuza vyungu mjini, na mwandishi mkubwa kuliko wote wa lugha yetu hakuona kuwa ni kujishusha kukaa mbele yake na kuuliza. Kongo ya Kiswahili haikupata Shaaban Robert wake. Jean-Bosco Mwenda, mpiga gitaa wa Katanga aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 na aliyeimba kwa Kiswahili cha huko, alifariki mwaka 1990 katika ajali ya gari nchini Zambia. Mengi yaliyoandikwa juu yake ni ya wageni waliopenda vidole vyake kuliko maneno yake.

Turudi Kashebere, kwani hoja ya kuanzia huko haijakwisha. Tarehe 20 Machi 1993 mauaji yalizuka katika soko la Ntoto, Walikale, yakaenea hadi Masisi. Mwaka uliofuata waliingia wakimbizi kutoka Rwanda. Mwaka 1996 vikaja vita, na tangu hapo watu wa milima hii wamehama na kurudi na kuhama tena mara ambazo wenyewe wamechoka kuzihesabu. Maana yake kwa suala letu ni kwamba hapa mambo mawili tuliyoyaona mbalimbali yametokea pamoja. Mchezaji amepotea kama Ndaye, na mashabiki wametawanyika kama wale wa Nairobi na Kampala. Tunazungumzia sasa si Leopards bali wachezaji wa misheni, wa shule na wa makampuni ya mashamba na migodi, ambao hawakuwahi kutajwa redioni lakini waliwahi kuwa na majina ya sifa vijijini mwao. Kwa watu hao hakuna kamera iliyokosea wala gazeti la kusahihisha.

Kazi inayoweza kufanywa na idara za Kiswahili za Goma, Bukavu na kwingineko si ngumu kuieleza. Ni kuyakusanya majina yale ya sifa, kila moja pamoja na habari iliyokunjwa ndani yake, katika lugha lililotolewa, iwe Kinyanga, Kihunde au Kiswahili; kuuliza nani alilitoa na katika mchezo gani; kuuliza matokeo ya 1974 yalifikaje kijijini, kwa redio ya nani na kwa kinywa cha nani. Na pale mwenye jina angali hai, kumwendea yeye kwanza kabla ya mashabiki wake. Aliyekuwa na miaka 20 alipoyasikia mabao ya Misri sasa amekwisha kuvuka 70.